Fumbo Mbele ya Kamera: Neno, Rangi na Kimya katika Filamu ya Rafiki

Kiswahili hakijapungukiwa na maneno ya kutaja ukaribu wa wanawake wawili. Katika miji ya mwambao mwanamke humwita mwenzake shoga, somo, msiri au mwandani, na kila neno lina kiwango chake cha siri na cha kuaminiana. Miongoni mwa maneno hayo, shoga ndilo lenye historia ya kutatanisha zaidi. Vinywani mwa akina mama wa Lamu, Mombasa na Unguja ni neno la kuitana uani na arusini, halina doa. Katika magazeti na mimbari za leo neno hilohilo limekuwa jina la mwanamume anayempenda mwanamume mwenziwe, na ushoga umekuwa jina la jambo linaloshtakiwa mahakamani. Maana hizo mbili zinaishi chini ya paa moja bila kusalimiana.

Wanuri Kahiu, mwelekezi wa Kenya, alipotengeneza filamu kuhusu wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, hakulichukua neno hilo lenye kelele. Alichukua rafiki, neno lililotoka Kiarabuni likiwa na maana ya mwandani wa safari, ambalo halimshtui mtu yeyote. Kahiu mwenyewe ameeleza mara kadhaa katika mahojiano kwamba uteuzi huo unatokana na desturi ya wapenzi wa jinsia moja kutambulishana mbele za watu kwa jina hilo: huyu ni rafiki yangu. Jina la filamu kwa hiyo ni fumbo kabla ya picha ya kwanza kuonekana. Linasema kweli na kuficha kweli kwa wakati mmoja, na anayeweza kulifumbua ni yule tu aliyekwisha kuijua siri.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba ushairi wa filamu ya Rafiki, yaani ile sifa yake inayoifanya isiwe hadithi ya mapenzi ya kawaida wala hotuba ya haki za binadamu, unatokana na jinsi inavyolihamisha fumbo kutoka kwenye neno na kulipeleka kwenye picha. Pale filamu inapoiamini rangi, jicho na kimya, inafikia kiwango cha juu cha sanaa. Pale inapoyaacha hayo na kuwatwika wahusika wajibu wa kueleza, inalegea. Na si ajabu kwamba mgogoro mkubwa kati ya filamu hii na Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini Kenya ulihusu mahali ambapo fumbo limebanwa zaidi kuliko popote: mwisho wake.

Kwa ufupi, kisa ni hiki. Kena, msichana aliyemaliza shule na anayesubiri matokeo ya mtihani, anaishi na mama yake Mercy katika mtaa wa Slopes, Nairobi. Baba yake, John Mwaura, ana duka, ameoa mke mwingine, na anawania kiti katika bunge la kaunti. Mpinzani wake ni Peter Okemi, mtu mwenye uwezo zaidi, ambaye binti yake ni Ziki. Mabinti hao wa mahasimu wanapendana. Wanafichana katika gari bovu lililotelekezwa, wanagunduliwa, wanapigwa na kundi la watu wa mtaani, wanapelekwa polisi, kisha wanatenganishwa: Kena anaombewa ili atolewe pepo, Ziki anapelekwa London. Miaka inapita. Kena amekuwa daktari. Siku moja anasikia kwamba Ziki amerudi.

Wengi walioandika kuhusu filamu hii wameikumbuka Romeo na Juliet, na kwa haki, kwa kuwa uhasama wa wazazi ndio mfupa wa msuko. Hata hivyo ulinganisho huo hausaidii sana. Tanzia ile inahitaji kaburi, na Kahiu amekataa kaburi kwa makusudi. Chanzo chenye manufaa zaidi kwa mhakiki kiko karibu na nyumbani.

Filamu hii imetokana na hadithi fupi ya mwandishi wa Uganda, Monica Arac de Nyeko, iitwayo Jambula Tree, iliyopata Tuzo ya Caine ya mwaka 2007. Mswada wa filamu uliandikwa na Kahiu pamoja na Jenna Bass. Jambula ni mti ambao msomaji wa Kiswahili anaujua kwa jina la mzambarau, na ni chini ya mti huo, katika makazi ya Nakawa jijini Kampala, ambapo wasichana wawili, Anyango na Sanyu, wanafumaniwa. Hadithi nzima ni maneno ya Anyango akimwambia Sanyu aliyepelekwa London na ambaye sasa anarejea. Imesimuliwa kwa nafsi ya pili. Sanyu ni "wewe" tangu mwanzo, na msomaji anajikuta anasikiliza mazungumzo yasiyomhusu, kama mtu aliyepita dirishani.

Katika filamu mti umetoweka. Hakuna mzambarau katika mtaa wa Slopes, na hadhira isiyoifahamu hadithi haitaukosa. Lakini Kiswahili kinafanya jambo ambalo Kiingereza cha hadithi hakiwezi kulifanya: zambarau ni tunda na pia ni rangi. Mtazamaji anayefikiri kwa Kiswahili anapoziona nywele za Ziki, misuko ya waridi na zambarau inayoning'inia hadi mabegani katikati ya mtaa wa vumbi, mabati na kuta zilizochujuka, anaweza kusema kwamba mti haukukatwa. Umehamia kichwani mwa mhusika. Kama Kahiu alilikusudia hilo au hakulikusudia si neno. Kazi ya sanaa ikishaingia katika lugha nyingine huanza kuzaa maana ambazo mzazi wake hakuzipanga, na kichwa cha filamu hii kimeifungulia lugha ya Kiswahili mlango.

Rangi hiyo haikuwekwa kama pambo. Mwanzoni ni ya Ziki peke yake. Kena anavaa mavazi yaliyopoa, mashati na kofia, mavazi ya mtu asiyetaka kutazamwa. Anapita mtaani juu ya ubao wa magurudumu, anacheza mpira na wavulana, na wavulana wamekwisha kumzoea kiasi cha kutomwona. Kadiri mapenzi yanavyokua, waridi na zambarau vinaanza kumwagika: kwenye mwanga unaopenya ndani ya gari bovu, kwenye vitambaa, kwenye ngozi. Kilele chake ni tukio la dansi ambapo wasichana wamejipaka rangi zinazowaka gizani. Nyuso zao zimegeuka michoro. Pale, kwa muda mfupi, Kena naye ana rangi, na kwa sababu mwanga wa kawaida umezimwa hakuna jirani awezaye kumtambua. Ni tukio lenye kinaya kizito, kwa kuwa wapenzi hawa wanaonekana vizuri zaidi pale tu ambapo sura zao zimefunikwa. Baada ya kipigo rangi zinakauka. Hospitali ambamo Kena anafanya kazi katika sehemu ya mwisho imepoa, na mtazamaji anaingoja zambarau kama anavyongoja mvua.

Ifaa kukumbuka hapa kwamba Kahiu ni mmoja wa waanzilishi wa mwelekeo alioupa jina la Afrobubblegum, unaodai kwamba sanaa ya Afrika ina haki ya kuwa na furaha, wepesi na mchezo, bila kulazimishwa kila mara kubeba vita, njaa na maradhi. Wapo wanaoweza kudai kwamba wepesi huo haupatani na kisa chenye kipigo cha halaiki. Filamu yenyewe inajibu. Utangulizi wake wenye picha zilizokatwa na kubandikwa, unaosindikizwa na muziki wa Muthoni Drummer Queen, unautambulisha mtaa kama mahali penye uhai kabla haujawa mahali penye hukumu. Bila furaha hiyo ya mwanzo kipigo kingekuwa habari ya gazeti. Kwa kuwa furaha imetangulia, kipigo kinakuwa hasara.

Kipo kizuizi kikubwa zaidi ambacho filamu ililazimika kukivuka, na hiki ni cha kisarufi. Katika Kiswahili, viambishi vya nafsi havitambulishi jinsia. Anakuja, amelala, ananipenda: anayetajwa aweza kuwa mwanamume au mwanamke, na msikilizaji hapewi dalili. Ushairi wa mapenzi wa Kiswahili umeishi kwa raha ndani ya nafasi hiyo. Mpenzi huitwa muhibu, ua, tausi, lulu, johari, chombo kilichong'oa nanga. Anasifiwa, analaumiwa, anaombolezwa, na mara nyingi beti zinakwisha bila ya kutajwa kama ni nani anayemwimbia nani. Taarabu imeiongezea nafasi hiyo upana, kwani mwimbaji wa kike huimba maneno yaliyotungwa na mwanamume, na hadhira hutuza kwa sababu zake yenyewe, kila mmoja akiwa na mtu wake moyoni. Hakuna anayeulizwa.

Kamera haina hisani hiyo. Kamera ikimwonyesha mpenzi, imemwonyesha: ana uso, ana mwili, ana sauti. Kiambishi a- kikihamishiwa kwenye skrini kinalazimika kuchagua. Mwelekezi anayetaka kuwa mshairi katika maudhui haya anajikuta na njia mbili. Aweza kufunua kila kitu, kama alivyofanya Abdellatif Kechiche katika Blue Is the Warmest Colour, filamu ya Kifaransa iliyoshinda tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka 2013 na kulaumiwa kwa urefu na uwazi wa matukio yake ya kitandani. Laura Mulvey alikwisha kuonya mwaka 1975, katika makala yake maarufu kuhusu raha ya kutazama, kwamba sinema iliyozoeleka humgeuza mwanamke kuwa kitu cha kuangaliwa kwa jicho la mwanamume. Au aweza kutafuta kitu kitakachofanya kazi ya kiambishi kile: kuonyesha mapenzi bila kuyakabidhi.

Kahiu amechukua njia ya pili, na hapa ndipo ustadi wake unapostahili kuzingatiwa kwa kina. Nusu ya kwanza ya filamu imejengwa kwa macho. Kena anamtazama Ziki kutoka upande wa pili wa barabara, Ziki anageuka, Kena anatazama kando. Baadaye ni Ziki anayetazama. Mpangilio huu wa kupokezana unafanana na mpangilio wa malumbano ya washairi, ambapo anayesema na anayejibu wanabadilishana nafasi bila mmoja kumiliki ukumbi. Hakuna mtazamaji mkuu. Nafsi ya pili ya Arac de Nyeko, lile "wewe" linaloishikilia hadithi, imegeuzwa kuwa jicho linalongoja kujibiwa. Hata wapenzi wanapokaribiana, kamera inakaa na vitu vidogo: mkono, shingo, ncha ya msuko, kivuli cha pazia. Kinachooneshwa ni kidogo mno kiasi kwamba aliyekwenda kutafuta uchafu aliondoka mikono mitupu. Bodi iliipiga marufuku mwezi Aprili 2018 kwa hoja kwamba inakuza mapenzi ya jinsia moja. Haikuwa na picha ya utupu ya kuishikia hoja hiyo.

Uzuri wa macho haya unategemea sana Samantha Mugatsia, anayeigiza Kena, na ambaye kazi hii ilimletea tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la FESPACO la mwaka 2019. Uigizaji wake ni wa kujizuia. Sheila Munyiva, kama Ziki, anang'aa zaidi lakini amepewa nyenzo chache. Hadhira inajua anachokitamani Kena, ila ya Ziki inayajua kwa kukisia. Huu ni upungufu wa mswada kuliko wa mwigizaji.

Suala la lugha linazidisha utata. Wahusika wa filamu hii wanazungumza kama vijana wa Nairobi wanavyozungumza, Kiswahili, Sheng na Kiingereza vikiingiliana ndani ya sentensi moja. Lakini mgawanyo wake hauko bila mpango. Uwanjani, kibandani na mtaani, Kiswahili na Sheng vinatawala: ndizo lugha za utani, za bei, za kejeli na za umbea. Wapenzi wanapobaki peke yao na kutaka kusema jambo zito kuhusu maisha yao, aghalabu wanaingia Kiingereza. Mtu aweza kulitetea hilo kwa uhalisia, kwa kuwa wasomi vijana wa Nairobi hufanya hivyo kila siku. Aweza pia kusema kwamba Kiingereza ni gari bovu la pili, maficho mengine yaliyo mbali na masikio ya mtaa. Hata hivyo kuna hasara. Sentensi za kupanga mustakabali, za kuapa kutofanana na watu wa pale chini, za kutamani mahali ambapo mtu aweza kuwa mtu wa kweli, zinatoka zikiwa zimenyooka kupita kiasi. Zinaeleza kile ambacho jicho lilikwisha kukieleza dakika tano nyuma. Lugha ambayo ingeweza kuwapa wapenzi hawa neno la kuficha na kufichua kwa pamoja imelipa jina filamu, kisha ikaachwa mlangoni.

Linalokosekana linaonekana zaidi mtu akifikiria kanga. Mwanamke wa mwambao aliyeshindwa kusema humvalia mwenziwe kanga, na ujumbe ukafika bila ushahidi. Slopes si mwambao, na kudai kanga Nairobi kungekuwa kulazimisha. Lakini Sheng yenyewe ni lugha ya mafumbo, iliyozaliwa ili wakubwa wasielewe, na inashangaza kwamba filamu iliyojaa vijana wanaoizungumza haikuitumia kama lugha ya siri ya mapenzi. Sehemu moja tu ambapo maneno ya wazi ya Kiingereza yanastahili nafasi yake ni chumbani mwa Ziki, baada ya kipigo, anapomuuliza Kena kwa uchungu kama atamwoa na kama watapata familia. Hapo uwazi ni silaha. Ziki anaiua ndoto kwa kuitaja kwa jina lake, na tukio linauma kwa sababu fumbo limevunjwa na yule aliyelipenda zaidi.

Kiswahili cha mtaa kina mmiliki wake, naye ni Mama Atim, mwenye kibanda cha chakula ambapo habari zote za Slopes hupikwa. Ni mhusika aliyehamishwa kutoka hadithi ya Kampala bila kubadilishwa jina. Atim ni jina la Kiluo cha Uganda ya kaskazini, na katikati ya akina Mwaura, Nduta na Waireri linasikika kama mbegu iliyosafiri katika mfuko wa nguo. Ulimi wa Mama Atim ndio unaofanya kazi ya polisi kabla polisi hawajafika. Katika fasihi ya Kiswahili mmbea ni mhusika bapa aghalabu, chombo cha kuusukuma msuko. Huyu amepewa zaidi ya hapo, na Muthoni Gathecha anamwigiza kwa ucheshi unaomfanya mtazamaji acheke pamoja naye kwa nusu saa nzima kabla hajatambua alichokuwa akikichekea. Wanasiasa wawili, ambao uhasama wao ndio unaodaiwa kuendesha kisa, ni vivuli wakilinganishwa naye. Uchaguzi wenyewe unapita kama mabango yanavyopita kwenye dirisha la matatu, na filamu isingepungukiwa sana kama ungeondolewa.

Wazazi wa Kena, kinyume chake, ni wa kina. Methali inasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na filamu inaitumia hekima hiyo bila kuitaja. Katika dhiki, wavulana aliocheza nao mpira hawamfai. Mama, mcha Mungu aliyeachwa na mume, anamshika binti yake kama mali ya mwisho aliyobakiwa nayo, na anampeleka kwa mhubiri aombewe. Filamu haimdhihaki. Nini Wacera anamwigiza Mercy kama mtu anayeogopa kwa niaba ya mwanawe, na woga huo una ukoo mrefu: tangu Mwana Kupona alipomtungia binti yake utenzi wa wasia mwaka 1858, mama wa Kiswahili amekuwa na jukumu la kumfundisha binti namna ya kuwa mke ili dunia isimdhuru. Mercy ni mrithi wa jukumu hilo katika mji ambao umekwisha kusahau utenzi wenyewe. Anayefaa ni baba. Mwaura, aliyeanza kama mwanamume mwenye dosari zote za kawaida, anapofika kituo cha polisi anafanya jambo dogo: anamkumbatia mtoto wake. Jimmy Gathu anaigiza pale kwa mgongo na mikono zaidi kuliko kwa maneno. Mgombea amepoteza uchaguzi wake katika dakika hiyo, na hakuna hotuba inayotaja.

Kimya kingine kinastahili kutajwa. Yuko kijana wa mtaani anayedhihakiwa na kila mtu kwa kudhaniwa kuwa anawapenda wanaume. Yeye huwa anapita tu pembeni, hana kauli. Baada ya Kena kupigwa, kijana huyo anakuja kuketi kando yake. Hawasemezani. Ni tukio la sekunde chache, na pengine ndilo la kishairi zaidi katika filamu nzima. Mtaa umewapa wawili hao jina moja la matusi, nao wanaketi chini ya jina hilo kama watu waliokutwa na mvua chini ya mwembe mmoja. Neno shoga, ambalo filamu ililikwepa kwenye jina lake, limerudi hapa na maana zake mbili zikiwa zimekutana: mwenzi wa kuaminika na mtu aliyetengwa. Halikutamkwa.

Yaliyoifika filamu nje ya skrini yanajulikana, ila yanahitaji kutazamwa kama sehemu ya tafsiri yake. Rafiki iliteuliwa kuonyeshwa Cannes mwezi Mei 2018, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kupata nafasi hiyo, huku nyumbani ikiwa ni kosa kuionyesha. Kahiu alikwenda mahakamani. Mwezi Septemba mwaka huohuo Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu alisimamisha marufuku kwa siku 7, ili filamu iweze kutimiza sharti la kuonyeshwa nchini kabla ya kupendekezwa kwa tuzo za Oscar, na akaeleza kwamba hakushawishika kuwa jamii ya Kenya ni dhaifu kiasi cha kutikiswa misingi yake na filamu. Kumbi za Nairobi zilijaa. Nafasi ya Oscar ilikwenda kwa Supa Modo ya Likarion Wainaina. Mwezi Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu vya Kanuni ya Adhabu vinavyoharamisha vitendo vya mapenzi ya jinsia moja, na mwaka 2020 ikaikataa pia kesi ya Kahiu ya kupinga marufuku.

Katika mlolongo huo, jambo lenye uzito kwa mhakiki wa fasihi ni moja. Kwa mujibu wa Kahiu, Bodi ilimtaka abadilishe mwisho, kwa kuwa Kena hakuonyesha majuto na filamu ilikuwa na matumaini mno. Kipigo hakikusumbua. Mahubiri hayakusumbua. Hata busu, inavyoonekana, lingeweza kuvumiliwa kama adhabu ingefuata. Huu ni usomaji wa fani, na ni usomaji makini kuliko wa wahakiki wengi walioisifu filamu kwa ujasiri wa maudhui yake pekee. Bodi ilitambua kwamba katika hadithi ya aina hii maadili hayakai katika matendo ya wahusika bali katika mpangilio wa matukio: kinachokuja mwisho ndicho kinachowahukumu waliotangulia. Fasihi ya Kiswahili inaijua desturi hiyo vyema. Rosa wa Kezilahabi, katika riwaya ya Rosa Mistika ya mwaka 1971, anaadhibiwa vikali na msuko, na bado riwaya ilizuiwa shuleni kwa miaka. Kena haadhibiwi, na hilo halikuweza kusamehewa.

Lakini mwisho wenyewe una nini? Una kidogo sana. Mama Atim, sasa mgonjwa, yuko mbele ya daktari ambaye aliwahi kumchongea. Mikono ya Kena inamhudumia bila kusitasita. Katika Jambula Tree Anyango ni muuguzi; katika filamu, Kena aliwahi kusema kwamba atakuwa muuguzi, na Ziki ndiye aliyemuuliza kwa nini asiwe daktari. Koti jeupe analolivaa kwa hiyo ni zawadi ya mpenzi aliyeondoka, na Mama Atim anatibiwa na matunda ya mapenzi aliyoyavunja. Wala hajui. Anachokijua ni habari, kama kawaida yake, na habari ya mara hii ni kwamba Ziki amerudi. Ulimi uliowatenganisha ndio unaowapasha.

Kisha Kena yuko mahali pa juu, mji ukiwa chini yake, amesimama peke yake. Sauti inamwita kwa jina. Mkono unatua begani. Kamera, ambayo kwa dakika 80 imelazimika kuchagua na kuonyesha nyuso, inasimama kwenye kizingiti. Hakuna kukumbatiana, hakuna busu, hakuna ahadi, na filamu inafungwa kabla hadhira haijaambiwa wawili hao watafanya nini na miaka iliyopotea. Bodi iliona matumaini hapo kwa sababu iliweza kuyajaza yenyewe, kama ambavyo kila msikilizaji wa taarabu humjaza mtu wake ndani ya neno mpenzi. Kinachosikika ni jina tu, Kena, likitamkwa na mtu aliyekuwa mbali, na kwenye ukingo wa picha, mkono ambao hadhira inautambua.